Ngoma kwa Mzee Mwenye Demenshia: Mwongozo Kamili wa Kuifanya Nyumbani

Mzee asiyekumbuka kama asubuhi amekunywa chai anaweza kusikia wimbo wa ujana wake, mabega yakaanza kutikisika, na ubeti mzima ukamtoka bila kukosea. Wanaokaa na wagonjwa wa demenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, wanalijua hilo. Wengi hulishuhudia kwa bahati tu, harusini au jirani anapofungulia redio kwa sauti, kisha linapita. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifanya kwa makusudi, mara mbili tatu kwa wiki, hapo hapo nyumbani, bila kumwangusha mzee na bila kumvunjia heshima.

Jambo moja nitalirudia njia nzima, kwa sababu bila hilo mengine hayana faida: mzee ndiye anayeongoza, wewe unafuata.

Kwa nini mwili hukumbuka

Demenshia inayowapata wengi zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mara nyingi huanza kwa kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea habari mpya na kuziweka, ndiyo maana la leo halishiki. Yale ambayo mwili uliyazoea kwa kurudiarudia, kama kusuka ukili, kutia udhu, kutwanga kwa zamu au kupiga hatua za dansi la chacha, yamekaa kwingine: katika viini vya ndani kabisa vya ubongo na katika ubongo mdogo wa nyuma. Huko ugonjwa huchelewa kufika. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig walionyesha kwamba maeneo yanayohifadhi nyimbo tulizozijua miaka mingi ni miongoni mwa yale yanayodhurika kidogo katika Alzheimer.

Kuna pia demenshia inayotokana na mishipa ya damu, ambayo huja baada ya kiharusi au presha na kisukari vya muda mrefu, na ile ya miili ya Lewy, ambayo humfanya mtu akakamae, aone vitu visivyokuwepo na aanguke kwa urahisi. Ngoma huwafaa wote hawa, ila tahadhari zinatofautiana, na nitazitaja.

Utarajie nini

Ngoma haiponyi demenshia. Haizuii ugonjwa kuendelea, na yeyote anayekuuzia mazoezi au dawa kwa ahadi hiyo anakudanganya. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa wazee 469 wa Bronx, New York, wote wakiwa na zaidi ya miaka 75. Kati ya mazoezi yote ya mwili yaliyochunguzwa, kucheza dansi pekee ndiko kulikoonekana kwenda pamoja na uwezekano mdogo wa kupata demenshia. Utafiti huo hunukuliwa sana mitandaoni kana kwamba ni tiba. Ulikuwa wa kuangalia tu: huenda waliobaki na akili timamu ndio walioweza kuendelea kucheza.

Utafiti unaonipa moyo zaidi ni wa Hong Kong, uliochapishwa 2020. Wazee 204 wenye demenshia changa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Waliopewa tiba ya dansi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 walipungukiwa na huzuni na upweke. Hilo ndilo la kulenga: moyo mwepesi, usiku wenye utulivu, miguu isiyopoteza nguvu, na nusu saa ambayo mzee ni mtu mzima tena mbele ya watu wake badala ya kuwa mgonjwa wa kulishwa na kuogeshwa.

Mwaka 2020 ilisambaa duniani kote video ya bibi mmoja wa Hispania aliyewahi kucheza baleti. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alisikia muziki wa Tchaikovsky, akanyanyua mikono na kucheza. Ni picha nzuri sana, lakini imewafanya watu wasubiri muujiza wa namna ile. Kwa wazee wengi utakachoona ni kidole kinachogonga paja, midomo inayotembea, shingo inayoinuka. Hicho ndicho kipimo chako, kipokee kwa furaha yote.

Hatua ya kwanza: pita hospitali kwanza

Kabla ya kumsimamisha mzee acheze, muulize daktari au muuguzi anayemjua mambo matatu: moyo wake na presha vinaruhusu mazoezi kiasi gani, dawa zipi humtia kizunguzungu, na kama ana mfupa, goti au nyonga yenye tatizo. Vidonge vya presha, vya kukojoza maji mwilini na vya usingizi huweza kushusha presha ghafla anapoinuka. Mwenye miili ya Lewy hupata hilo hata bila dawa.

Angalia pia maumivu. Mzee mwenye demenshia mara nyingi hawezi kusema "nyonga inaniuma", hivyo hukunja uso, husukuma mkono wako au hukataa kuinuka, na familia hudhani ni ukaidi. Macho na masikio yapimwe, maana nta tu iliyoziba sikio inaweza kumnyima muziki wote.

Na hili ni muhimu kuliko ngoma yenyewe: mzee akibadilika kwa siku moja au mbili, akachanganyikiwa kupita kawaida au akawa mzito wa usingizi, usiseme "ugonjwa umekomaa." Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji na kufunga choo huleta hali hiyo na hutibika. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: tafuta nyimbo zake

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ukikosea nyimbo, kila kitu kingine kitakuwa kazi bure.

Kumbukumbu zinazodumu kuliko zote ni za kuanzia utotoni mwishoni hadi miaka thelathini hivi. Kwa hiyo chukua mwaka wa kuzaliwa wa mzee, ongeza 15, kisha ongeza 25. Aliyezaliwa 1944 unamtafutia muziki wa 1959 hadi 1969. Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni ya wajukuu kuweka zilipendwa za miaka ya themanini kwa sababu kwao hizo ndizo za kale. Wakati huo bibi alikuwa na watoto sita na hakuwa akienda dansini.

Kisha uliza alikuwa wapi. Kijana wa Morogoro wa miaka ya sitini alicheza Cuban Marimba ya Salum Abdallah, kisha Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wa Tanga alikuwa na Atomic Jazz. Wa Dar es Salaam alikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, na NUTA Jazz iliyoundwa 1964. Wa Nairobi alicheza twisti za Daudi Kabaka na kuimba pamoja na Fadhili William. Kwa mtu wa Unguja uliza kama nyumbani walikuwa wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha tangu 1905, au wa Culture, kilichoanza 1958. Wazee wengine bado wana ushabiki huo moyoni, nao ushabiki ni moto mzuri wa kuwashia. Ndugu walioko Muscat wanaotunza wazazi waliotoka Zanzibar watakuta taarab ya zamani inafungua mlango huohuo.

Usiishie kwenye bendi. Mzee aliyekulia kijijini na kuhamia mjini akiwa mtu mzima huenda nyimbo zinazomwingia ni za lugha ya mama, hasa kwa kuwa demenshia humrudisha mtu kwenye lugha yake ya kwanza. Mtafutie bugobogobo ya Wasukuma, isukuti ya Waluhya, sengenya ya Wadigo, lizombe ya Wangoni, mganda wa pembezoni mwa Ziwa Nyasa. Mwomboko wa Wakikuyu, unaochezwa wawili wawili kwa kodiani na chuma cha karing'aring'a, unafaa ajabu kwa miguu ya uzeeni kwa sababu hatua zake ni chache na kuna kuinama kidogo tu. Goma la Lamu nalo, la wanaume wenye kanzu na bakora wakiyumba taratibu katika mstari, ni kana kwamba lilitungwa kwa ajili ya wazee.

Keti na ndugu zake wa rika lake, mashoga zake, waliokuwa naye shuleni au kazini, uwaulize: alikuwa akiimba nini akipika, alicheza nini harusini kwake, kwaya gani, gwaride gani. Pata nyimbo kumi. Zijaribu moja moja, siku tofauti, ukimtazama uso na mikono, na zisizomgusa uziondoe.

Sasa tahadhari ambazo vitabu vya ng'ambo havizitaji.

Midundo mingine si ya burudani. Kama mzee aliwahi kuchezewa ngoma ya pepo, iwe kibuki au nyingine, mdundo ule unaweza kumpandisha, na mtu wa miaka 80 akianguka katika hali hiyo anaweza kuvunjika nyonga. Waulize wakubwa wa ukoo kabla hujaweka ngoma yoyote usiyoijua asili yake. Nyimbo za matanga na za kumsindikiza maiti zisitumike.

Nyimbo za unyago ni za wanawake. Bibi aliyekuwa kungwi au somo akisikia ngoma zile anaweza kucheza kiuno kama alivyokuwa akiwafunza wari, mbele ya wakwe na wanaume, kwa kuwa ugonjwa umemwondolea kizuizi. Kwake ni kazi aliyoifanya kwa heshima. Ni juu yako kuilinda heshima hiyo: wanawake peke yao, mlango umefungwa, simu zimewekwa mbali.

Na wapo wasiokubali dansi kwa imani zao. Usimlazimishe mzee afanye katika ugonjwa jambo alilolikataa maisha yake yote. Kasida, dufu na maulidi vina mwendo wao. Katika maulidi ya homu ya Zanzibar watu hukaa kwa safu wakiyumba kwa pamoja, na mwili unafanya kazi kubwa bila mtu kusimama. Kwa Mkristo, mapambio na kwaya za zamani zina makofi na hatua za pembeni. Hiyo yote ni tiba ileile.

Nyimbo zikishapatikana, zipakue kwenye simu na uzipange. Usitegemee redio wala video za mtandaoni, maana tangazo la biashara likiingia katikati mzee huchanganyikiwa na uzi hukatika.

Hatua ya tatu: mahali na saa

Chagua saa anayokuwa mwepesi. Kwa wengi ni asubuhi, baada ya chai na haja. Kuanzia alasiri kuelekea magharibi wagonjwa wengi huingiwa na mahangaiko, huomba kurudishwa "nyumbani" hata wakiwa kwao. Muziki laini unaweza kuwatuliza saa hiyo, ila usianze jambo jipya wakati huo.

Sebule au ua wenye kivuli vyote vinafaa. Ondoa mikeka, zulia dogo, nyaya za umeme, ndoo na stuli. Sakafu iwe kavu. Vigae vyenye maua meusi au kivuli kizito huonekana kwake kama shimo, naye atakataa kukanyaga, kwa hiyo fungua madirisha au washa taa. Zima televisheni. Kandambili hapana: viatu vya kufunika kisigino visivyoteleza, au pekupeku kama amezoea. Kanga au kitenge kifungwe juu ya kifundo cha mguu kisije kumnasa.

Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, kisicho na magurudumu, na nyayo zake zifike chini. Kiweke kimegusa ukuta. Maji ya kunywa yawe karibu. Sauti ya spika iwe ya kuzungumza juu yake bila kupaza.

Hatua ya nne: nani acheze naye

Ukiniuliza mimi, mchague mjukuu. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na utani huo huvumilia mengi ambayo mtoto wa kuzaa hayawezi. Mtoto huona mzazi anavyopungua na huzuni humjaa usoni. Mzee huisoma huzuni hiyo haraka kuliko anavyoyasoma maneno. Mjukuu huja na kicheko. Mkwe asilazimishwe, hasa pale ambapo mila inawatenganisha.

Mwenzi wa ndoa akiwa hai na ana nguvu, mpe wimbo mmoja wa wawili wao mwishoni. Yeye naye anahitaji.

Mzee akiwa na uwezekano wa kuanguka, wawe watu wawili: mmoja wa kucheza naye, mwingine wa kusimama karibu na kiti bila kazi nyingine. Anayerekodi video hahesabiwi. Na kwa kweli usirekodi kabisa, au kama lazima iwe kwa ajili ya familia, isitoke nje ya familia. Mzee hana tena uwezo wa kukuambia hataki kuonekana na watu elfu kumi.

Hatua ya tano: kipindi chenyewe

Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha. Aliyezoea na mwenye nguvu anaweza kufika arobaini.

Anza bila muziki. Keti mbele yake, macho yako yalingane na yake, umpe shikamoo na mkono. "Marahaba" ni moja ya maneno yanayotoka hata kwa mzee aliyekwisha kupoteza mengi. Jitaje: "Ni mimi Asha, mjukuu wako, nimekuja tucheze." Usimuulize "unanijua mimi nani?" Huo ni mtihani, na akiufeli kipindi kimeanza kwa aibu.

Weka wimbo wa kwanza, wa mwendo wa wastani, wote mkiwa mmekaa. Usimwambie afanye nini. Gonga mguu wako, piga kofi jepesi, chezesha bega, kisha subiri. Ubongo wake unahitaji muda mrefu kuliko unavyodhani kupokea na kujibu. Wimbo wa kwanza unaweza kuisha bila yeye kujitikisa, na bado anafanya kazi kubwa ndani.

Akifanya chochote, kifuate. Akigonga kidole, nawe gonga kidole. Akiyumba kushoto, yumba naye. Akipunguza kasi, punguza. Hii ndiyo nguzo ya tiba ya dansi tangu Marian Chace alipoanza kuifanya mwaka 1942 katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, kwa wagonjwa wa akili ambao wengine walikuwa hawasemi kabisa. Aliuchukua mwendo wa mgonjwa, akaurudisha kwake kwa mwili wake mwenyewe, na mgonjwa akajua kwamba ameonekana. Chama cha wataalamu wa tiba hiyo nchini Marekani kilipoundwa 1966, yeye ndiye alikuwa rais wa kwanza. Wewe huna shahada yake, na hiki unachokifanya ni ngoma ya nyumbani, lakini kanuni hiyo haihitaji cheti. Mwige kwa dakika moja au mbili, ndipo ukuze kidogo: kidole kiwe kiganja, kiganja kiwe mkono mzima. Akikufuata, vizuri. Asipokufuata, rudi kwenye kidole chake.

Kisha leta leso, yaani kanga. Yeye ashike pindo moja, wewe pindo jingine, muirushe juu, mwiyumbishe, mwizungushe. Leso ina faida ambazo vifaa vya kununua havina: mkono wake unaijua, rangi zake zinavuta macho, na inamwezesha kucheza nawe bila kushikwa kama hapendi kuguswa. Kwa babu, kifimbo chepesi au kayamba. Njuga za kufunga mguuni humhamasisha anyanyue nyayo, na hilo ni zoezi zuri la kuzuia kuburuta miguu.

Ikiwa anaweza kusimama na daktari hakukataa, sasa ndio wakati, mwili ukiwa umepata joto. Asogee ukingoni mwa kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, aegemee mbele, ashike mikono ya kiti. Usimvute kwa mikono wala kwapani, utamtegua bega. Weka kiganja chako chini ya kiwiko chake, hesabuni pamoja, ainuke mwenyewe. Akishasimama, mtulie hapo nusu dakika kabla ya hatua yoyote ili presha ijipange. Akisema kichwa kinazunguka, au macho yakilegea, akae mara moja.

Dansi la kushikana lina busara yake: mikono minne inagusana, uzito unahamia mguu huu na mguu ule, na hilo ndilo zoezi la mizani. Simama upande wake dhaifu au mbele yake. Hamisheni uzito kushoto kulia. Hatua ndogo za pembeni zikija, zije. Hakuna kuzunguka kwa kasi, hakuna kurudi kinyumenyume. Mwenye miili ya Lewy au mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, miguu yake inaweza kuganda chini ghafla. Usimsukume. Simameni, imbeni mdundo kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili", muyumbe mahali pamoja, na mara nyingi mguu hufunguka kwenye mdundo.

Awe anaweza kuimba au kusema maneno mawili matatu huku akicheza. Akishindwa kwa kuhema, punguza. Baada ya kila wimbo pumzikeni kimya kidogo, apige funda la maji.

Malizia na wimbo wa polepole, mmekaa, mikono ikishikana, na uwe wimbo uleule kila kipindi. Baada ya wiki chache mwili wake utajua kwamba wimbo huu ukija tunaachana kwa amani, hata kama kichwa hakitajua kwa nini. Kisha chai. Akisimulia habari, mfuate huko aliko, usimsahihishe mwaka wala jina. Badala ya "unakumbuka wimbo huu?" mwambie "wimbo huu mtamu."

Mambo yakienda mrama

Akikataa, amekataa. Keti naye, acha wimbo uendelee chini kwa chini, au zima ujaribu kesho. Kumshika mkono kwa nguvu "ili achangamke" ni kumdhulumu.

Akilia, usikimbilie kuzima. Kuna machozi yanayofuatana na tabasamu, hayo yaache yatoke, mshike mkono. Kama ni kilio cha kuteseka, badilisha wimbo taratibu na uuandike ule usirudiwe.

Akimuulizia mumewe aliyefariki, usimpe taarifa ya msiba upya, maana kwake itakuwa ndiyo mara ya kwanza kuisikia. Muulize: "Alikuwa anacheza vizuri?" Atakuambia.

Babu akimdhania anayecheza naye kuwa mkewe na mikono ikaenda pasipofaa, hakuna haja ya makelele wala karipio. Rudini kwenye leso, kila mtu pindo lake, au abadilishwe mchezaji.

Maumivu ya kifua, kuhema kusikotulia, jasho la baridi, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla: acheni kila kitu, mpelekeni hospitali.

Mzee wa kitandani

Ugonjwa ukifika mbali watu huacha muziki, na hapo ndipo unapohitajika sana. Kaa kitandani upande anaoutazama. Weka kiganja chake juu ya chako, kiganja chako ndicho kicheze: panda, shuka, fungua, funga, kwa mwendo wa pumzi yake. Mwimbie kwa kuvumisha tu, mdomo umefungwa, karibu na sikio. Dakika tano hadi kumi. Dalili za kufuata ni ndogo mno: paji la uso kulegea, pumzi kurefuka, jicho kugeuka. Wakati wa kumgeuza au kumwogesha, imba wimbo wake kabla hujamgusa na uendelee nao. Vita vingi vya bafuni huisha hivyo.

Kucheza kikundi

Wazee sita hadi wanane, viti kwa duara, msaidizi mmoja kwa kila wazee wawili. Anzeni kwa wimbo wa salamu unaotaja jina la kila mmoja, kila mtu ajibu kwa mwendo wake, na wote wauige. Zungukeni duara lote, asirukwe mtu. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana demenshia, wazee 34 walikusanywa katika vikundi vya kuchangamsha akili, vipindi 14 kwa wiki saba. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri na kupungua kwa wasiwasi. Havikuwa vikundi vya dansi, lakini vimeonyesha kwamba kazi ya kikundi inawezekana vijijini kwetu.

Faida nyingine ya duara la uani ni majirani. Bado kuna mahali mzee anayetangatanga usiku akisema maneno yasiyoeleweka huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa hilo. Jirani aliyepiga kofi na bibi huyo Jumamosi, akaelezwa kwamba ni maradhi ya ubongo, ni mlinzi wake.

Daftari

Baada ya kila kipindi andika mistari michache: tarehe, nyimbo, alifanya nini, uso ulikuwaje kabla na baada, alilalaje usiku ule. Baada ya mwezi utaona wimbo upi unafanya kazi na saa ipi ni mbaya. Kutokana na daftari hilo, andika karatasi moja: jina analopenda kuitwa, lugha yake, nyimbo zake tano, nyimbo za kuepuka, anapenda kuguswa au hapendi, wimbo wa kumtuliza. Nakala moja bandika ndani ya kabati lake, nyingine iwe kwenye mkoba wa hospitali. Kama mzee yuko katika nyumba ya matunzo London au Toronto, ambako muuguzi wa zamu hajawahi kusikia taarab, ambatanisha na nyimbo zenyewe, na uwaandikie matamshi ya "shikamoo".